Sikwenda Bungoma Kutahiriwa

Kwanza tuelewane: sikwenda Bungoma kutahiriwa. Ninaliweka hili mbele kwa sababu tangu nirudi nimepewa mikono ya pongezi na watu nisiowajua vizuri, na juzi mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa miguu aliniuliza, mbele ya mkewe, kama kidonda kimekauka. Ninyi mafundi wenzangu wa kibarazani hapa Kibera mmeuliza kuliko wote. Kila mmoja ameniuliza mara tatu, na kila mara nimejibu nusu nikaendelea kukanyaga cherehani. Sasa ninaandika yote mara moja, nyuma ya daftari la vipimo. Mpokezane, msome, kisha mniache nishone. Nekesa amekubali niandike, kwa hiyo msinihurumie.

Kibarazani, kabla ya safari

Mnamjua Nekesa, mke wangu, anayeuza sukuma pale Sarang'ombe. Wengine wenu mlimjua pia marehemu Atieno, mama wa watoto wangu watano. Msilolijua ni kwamba Atieno alipojifungua yule wa tano alipoteza damu hadi akawa anaitwa jina na haitiki, na daktari akaniambia mimba nyingine itamuua. Mmoja wetu alipaswa kufunga uzazi. Yeye hakuwa na damu ya kupasuliwa tena, basi nikasema nifungwe mimi. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha zipu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na siri ile ikabaki kwangu na kwake. Miaka mitatu baadaye Atieno alikufa kwa homa ya mapafu, kitu kisichohusiana na uzazi hata kidogo. Mpaka leo jambo hilo linanikasirisha.

Nilipomchumbia Nekesa nilimwambia ukweli kabla ya harusi. Alisema watoto watano wanatosha kulelewa na mtu yeyote. Mwaka mmoja baada ya harusi akasema amefikiri tena, anataka mmoja tu wa tumbo lake, na amesikia kuna hospitali ambako mwanaume aliyefungwa anaweza kufunguliwa. Nikamwambia tutaona. Nikaendelea kumwambia tutaona kwa miaka mitatu. Nilikuwa na sababu zangu: watu wataniona vipi, Mjaluo mzima kulala mezani mara ya pili kwa jambo hilohilo, na je, nikifunguliwa isifae?

Mwaka huu hakuuliza tena. Alikuja na jina la hospitali, hospitali ya misheni kule kwao Bungoma, na jina la mwezi ambao daktari wa kazi hiyo angekuwepo, akaniwekea shati safi kwenye begi. Basi nikaenda.

Hapo ndipo Wafula, jirani wa cherehani yangu, alipoingia. Wafula, usome taratibu. Uliniuliza ninakwenda wapi wiki mbili nzima, nikakwambia hospitali ya kwenu. Ukauliza ninaumwa nini, nikasema ni upasuaji mdogo, sehemu ya wanaume, na usiniulize zaidi. Sasa fikiria: ni Agosti, tena ya mwaka wenu Wabukusu wa kutahiri vijana, nasi Wajaluo kwa mila hatutahiri. Mjaluo aliyeoa Mbukusu anapanda basi kwenda Bungoma kukatwa mahali asipotaka kupataja. Ninakiri kwamba hata mimi ningehesabu hivyo. Lakini mimi nisingempa kondakta wa basi ujumbe aupeleke kwa wakwe.

Nairobi hadi Gilgil

Basi lilipaswa kuondoka saa mbili asubuhi. Saa tatu u nusu dereva alikuwa bado anakunywa chai, na tulipomtazama alitutazama vilevile, kama sisi ndio tuliomchelewesha. Tuliondoka saa nne. Karibu na Gilgil mkanda wa feni ukakatika. Turni boi, yaani msaidizi wa dereva, akasema kuna mwingine ndani ya sanduku. Sanduku likafunguliwa, ndani mkawa na sufuria na blanketi.

Tukakaa katika hoteli ya mabati kandokando ya barabara, turni boi akapewa lifti ya kwenda Nakuru kutafuta mkanda. Chai ilikuwa na majani mengi na maziwa ya kuonjeshwa tu. Niliagiza viazi na nyama ya kondoo, vikaja viazi. Mezani kwetu alikaa mchungaji mmoja mwenye koti la kijivu, mtu wa Vihiga, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Alitusalimu vizuri, kisha akafika pale wanapofikaga wote.

"Mna watoto wangapi?"

"Watano," nikasema.

Akamgeukia Nekesa. "Mungu ni mwema, mama. Wote wako?"

"Ni wa bwana yangu," Nekesa akasema. "Mimi bado."

"Miaka mingapi ya ndoa?"

"Minne."

Mchungaji akasukuma kikombe kando, akasimama, akaweka mkono juu ya kichwa cha mke wangu katikati ya hoteli, akaanza kuliombea tumbo lake. Aliomba lifunguliwe. Aliomba asamehewe dhambi yoyote ya usichana iliyolifunga. Abiria wote waliacha kutafuna. Mwenye hoteli alivua kofia. Na mimi, mtu pekee mle ndani aliyejua kilichofungwa ni kipi na kilifungwa wapi, nilikuwa na kiazi mdomoni, nikakimeza polepole ili nisilazimike kusema kitu. Nekesa aliinamisha kichwa mpaka mwisho na akasema amina.

Nilimkasirikia yule mchungaji hadi Nakuru. Nilimwambia Nekesa, watu wengine hawana adabu, wanaingilia mambo yasiyowahusu. Yeye akaniuliza kama nimebakiwa na viazi.

Gilgil hadi Bungoma

Mkanda ulifika jioni, basi likatufikisha Nakuru tu, tukalala huko. Siku ya pili tukahamishiwa basi jingine la kampuni ileile, na hapo nikaanza kushangaa. Kondakta, kijana mwenye jino la dhahabu, alinitoa nyuma akanikalisha kiti cha mbele. Alinibebea begi. Tulipofika Eldoret alininunulia soda bila kuulizwa.

"Kunywa, mzee," akasema. "Na usiogope. Ni kitu ya dakika moja tu."

Nilidhani anazungumzia ukaguzi wa polisi. Nikamshukuru, nikajisemea kwamba kumbe makondakta wa upande huu wana heshima.

Karibu na Webuye, pale hewa inapoanza kunuka kile kiwanda cha karatasi, mama mmoja wa makamo alikuja mbele akaniwekea ndizi mbivu tatu mapajani. Akasema nile nipate nguvu, kwa sababu mtu mzima damu yake ni nzito na inamchosha. Nikamuuliza Nekesa huyu mama amejuaje kwamba ninapasuliwa. Nekesa alikuwa anatazama dirishani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alikuwa ameelewa tangu Eldoret, na hakuniambia.

Stendi ya Bungoma ndipo nilipoelewa. Simiyu, kaka yake Nekesa, alikuwa amesimama pale na vijana saba, wawili wao wamefunga kengele mikononi, zile za kutahiriwa. Basi liliposimama wakaanza kuimba. Simiyu alinikumbatia hadi kofia ikaanguka.

"Mulamwa," akaniita, maana ndivyo shemeji huitana kwao, "leo umetupa heshima. Mimi nilikuwa nasema, huyu Odhiambo ni mtu mzuri, lakini kuna kitu kimoja. Sasa hiyo kitu moja inaisha."

Baba yangu aling'olewa meno sita ya chini alipokuwa kijana, kama ilivyokuwa desturi yetu Wajaluo, na hakuna Mbukusu aliyewahi kumlaki na kengele. Nilitaka kumwambia Simiyu hivyo. Nilitaka kumwambia mengi. Lakini kila nililotaka kusema lilikuwa na swali moja nyuma yake: kama si kutahiriwa, ni nini? Na jibu la swali hilo nilikuwa nimelificha miaka tisa.

Nikamvuta Nekesa pembeni. "Waambie si hivyo."

"Niwaambie ni nini, Baba Achieng'?" akauliza. Ndivyo anavyoniita, kwa jina la binti yangu mkubwa. "Sema wewe."

Nikaokota kofia yangu, nikarudi kwa Simiyu.

Bungoma hadi hospitali

Kutoka mjini hadi hospitali ni mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Sisi tulichukua kuanzia saa sita mchana hadi jua kuzama, kwa sababu anayekwenda kutahiriwa sharti apite kwa jamaa kuwaalika, na jamaa za Nekesa ni wengi kuliko miti. Nilipakiwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya Simiyu, mimi mtu wa miaka arobaini na saba mwenye mvi, vijana wanakimbia mbele na kengele. Kila boma tulipoingia nilipewa mawaidha. Shangazi mmoja alinihakikishia kwamba hata babu fulani wa kabila jingine alitahiriwa akiwa na wajukuu, na hakulia. Boma la tatu walinilisha ugali wa wimbi na mrenda, na hilo silalamikii, ulikuwa mtamu. Boma la tano nilimwona mvulana wa kama miaka kumi na mitatu, ambaye kesho yake ilikuwa zamu yake kweli, akinitazama kwa huruma.

Daktari naye hakunihurumia. Alikuwa Mkamba mfupi aliyesomea kazi hiyo ng'ambo, mwenye macho mekundu ya kutazama vitu vidogo. Alitukalisha mimi na Nekesa mbele ya meza yake.

"Ulifungwa lini?"

"Kama miaka mitano, sita hivi," nikasema.

"Tisa," Nekesa akasema.

Daktari aliandika tisa. "Mzee, usinidanganye. Mimi nitafungua nione mwenyewe." Kisha akanieleza, kwa haraka ya mtu aliyeeleza mara nyingi, na mimi ninawaeleza nilivyoelewa. Mirija ikifungwa, mbegu zinaendelea kutengenezwa nyuma ya fundo. Zinasukuma. Miaka ikipita, msukumo huo unaweza kupasua na kuziba mahali pengine juu zaidi, karibu na kokwa lenyewe, na hapo ukiunganisha kwenye fundo umefanya kazi bure. Halafu mwili nao, ukikaa muda mrefu hivyo, unaweza kuanza kuzipiga vita mbegu zake wenyewe. Kwa hiyo kitu cha kwanza anachouliza ni miaka.

"Ungekuja miaka mitatu mapema ningekuwa na moyo mkubwa zaidi," akasema. Sikumtazama Nekesa.

Cha pili ni aliyefunga alikata kiasi gani. Nikasema sijui, siku ile nilikuwa ninatazama dari. Akasema kama alikata kipande kirefu, ncha mbili itabidi zivutwe ndipo zikutane.

"Na mshono unaovutwa haushiki," nikasema.

Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akasema basi tutaelewana, kwa sababu kitu cha tatu ni mkono wa fundi na chombo chake. Mrija wenyewe ndani ni mwembamba kiasi kwamba unashonwa chini ya hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo, na uzi wake hauonekani kwa macho matupu. Nikauliza uzi wa namba gani. Akanitajia, nikadhani ananitania.

Cha nne alimuuliza Nekesa umri. Thelathini na sita. Akatikisa kichwa, akasema watampima na yeye, kwa sababu hakuna maana kufungua mlango mmoja na mwingine hujui hali yake. Nekesa akasema yuko tayari kupimwa tangu miaka mitatu iliyopita.

Mezani

Tulingoja siku tatu. Siku ya kwanza kioo kimoja cha hadubini kilikuwa Kisumu kinasafishwa. Siku ya pili kioo kilirudi, aliyekileta akaondoka na ufunguo wa sanduku lake. Siku ya tatu ikawa Jumapili. Chakula kilikuwa ugali na maharagwe yasiyo na chumvi, asubuhi, mchana na jioni, na sista mkuu, mama mnene anayeitwa Rispa, alisema chumvi ni mbaya kwa wagonjwa. Nikamwambia mimi si mgonjwa, nimefungwa tu. Akacheka, akasema, "Na ulikaa nayo tu, siyo? Mficha uchi hazai, mzee." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka wote. Ni methali ya kila siku, lakini mimi nililala nimegeukia ukuta.

Jumatatu nikaingizwa. Nilikuwa nimeshavuliwa, Rispa ameshika sindano ya ganzi ya mgongoni, tukasikia dirisha likigongwa. Alikuwa Simiyu, amepanda juu ya tofali.

"Sista, hiyo sindano hapana," akasema. "Sisi husimama wima bila dawa. Huyu ni mkubwa, tumekubali alale. Lakini dawa hapana. Nyumbani tutasema nini?"

"Huyu mwendawazimu ni nani?" daktari akauliza.

"Ni shemeji yangu."

"Anadhani nafanya nini hapa?"

Nikamwambia. Daktari akaenda kuegemea ukuta, akacheka mpaka ikabidi anawe mikono upya. Rispa alifunga dirisha, akanidunga.

Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuhisi kitu, lakini masikio yalikuwa macho. Saa ya kwanza ilikwisha, ya pili ikaanza, nikisikia tu daktari akiomba hiki na kile kwa sauti ya chini. Halafu taa ikazimika. Jenereta lilikuwa limekata moto. Daktari alibaki ameinua mikono hewani, hawezi kuona wala kugusa, nami nimelala pale wazi kama suruali iliyofumuliwa. Mtu akakimbia nje, akarudi akasema dizeli imekwisha, na dereva wa hospitali yuko Bungoma na gari.

Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikasikia sauti ya Simiyu kupitia dirishani, anamuuliza mtu posho mili iliyo karibu iko wapi. Yeye na vijana wake walikwenda na baiskeli, wakamwamsha mwenye mashine ya kusaga aliyekuwa amelala juu ya magunia, wakarudi na dizeli ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Dakika arobaini zilipita nikiwa nimefunuliwa. Taa ikarudi. Basi niandike haki: mtu aliyekuja pale kwa kosa la Wafula ndiye aliyeokoa kazi ile, na bado ninamkasirikia.

Mwishoni daktari alisogea karibu na kichwa changu. Upande wa kushoto, alipokata juu ya fundo, maji yalitoka, na chini ya hadubini yalikuwa na mbegu, nyingine nzima. Ameunganisha, na mshono haukuvutwa sana. Upande wa kulia kulitoka uji mzito usio na kitu. Umeziba juu zaidi, na kule hakuweza kufika kwa vyombo alivyonavyo.

"Kwa hiyo itafaa?" nikauliza.

"Una upande mmoja. Miezi mitatu tunapima. Inaweza kuchukua mwaka. Siwezi kuahidi, na ukikutana na daktari anayeahidi, ondoka."

Hospitali hadi kwa wakwe

Nilikatazwa basi kwa siku kumi. Boma la wakwe ni karibu, basi nikapelekwa huko, tena kwa mkokoteni wa ng'ombe, huku nimeshika ubao kwa mikono miwili kwenye kila shimo. Walikuwa wamechinja kuku. Walikuwa na blanketi jipya la kunifunika. Wazee watano walikaa mbele ya nyumba ya baba mkwe, Mzee Wekesa, nami nikawekwa kwenye kiti chenye mto. Jiko lilikuwa ng'ambo ya uwanja, mlango wazi, na ndani yake mama mkwe ameketi ametugeuzia mgongo, kama inavyotakiwa. Kwao na kwetu ni mamoja: mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mambo ya mwili hayatajwi anapoweza kusikia.

Naliaka, mdogo wake Nekesa, alikuwa na mtoto wa miezi sita. Mtoto yule alizunguka mikononi mwa kila mwanamke uwanjani. Alipofika karibu na Nekesa, kila mara kuna mtu aliyemchukua. Niliona mara mbili nikafikiri ni bahati tu. Mara ya tatu nikaangalia uso wa Nekesa, naye alikuwa anapanga vikombe.

Mzee Wekesa akasimama, akatoa hotuba. Alinisifu. Alisema kwa miaka minne walimlaumu binti yao. Walisema ana tumbo la tasa na jicho la tasa, wakamkataza kushika watoto wa wenzake asije akawadhuru, na Krismasi moja walimpeleka kwa mama fulani akanyweshwa dawa chungu hadi akatapika. Kumbe, akasema, tatizo lilikuwa damu ya mkwe asiyetahiriwa kukataana na damu yao. Sasa limekwisha. Wazee wakaitikia.

"Lakini," akaongeza, na akamtazama Nekesa, "sasa mkwe ni mzima. Mtoto asipopatikana, tutajua sasa tatizo ni la nani."

Ndugu zangu, dawa ile chungu nilikuwa sijaisikia. Krismasi ile nilibaki Kibera na watoto, Nekesa akarudi amekonda, akaniambia ni maji ya kwao yamemchafua tumbo. Hakunitaja. Alikunywa, akatapika, na akafunga mdomo. Nami nilikuwa na upande mmoja tu, na daktari aliyekataa kuahidi. Mtoto asipopatikana nitakuwa mwanaume mwenye blanketi, na yeye atarudishiwa lile jina la tasa, na safari hii halitamwacha tena.

Nikajaribu kusimama, ikauma, nikakaa.

"Mzee, mimi sikutahiriwa."

Watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Nikasema tena. Nikasema nilifungwa uzazi miaka tisa iliyopita, kwa hiari yangu, nikamwambia Nekesa kabla ya kumwoa, naye akanitunzia siri. Nikasema nilikwenda hospitali kuunganishwa, na kuna upande mmoja uliokubali, na unaweza usifae, na usipofaa ni mimi. "Nekesa amepimwa," nikasema. "Yeye hana kasoro. Mimi ndiye niliyefungwa."

Simiyu alikuwa ameshika bakuli la kuku, akaliweka chini.

"Odhiambo," Mzee Wekesa akasema polepole, "unasema maneno haya na mama mkwe wako anasikia?"

"Ndiyo, mzee. Nataka asikie."

Nilitozwa faini papo hapo ya kuvunja heshima: kuku mmoja, na lile blanketi nimrudishie mama mkwe kama fidia ya masikio yake. Kule jikoni mama mkwe aliinuka. Alitoka nje, akapita mbele ya wazee wote bila kututazama, akaenda kwa Naliaka akamchukua mtoto, akamweka mapajani mwa Nekesa. Akarudi jikoni akakaa vilevile ametugeuzia mgongo. Nekesa alimshika yule mtoto kwa nguvu hadi akalia, na safari hii hakuna aliyekuja kumchukua.

Bungoma hadi Kibera

Basi la kurudi liliondoka kwa saa yake na halikuharibika mahali popote, jambo lililoniudhi pia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Nekesa hakusema nami kutoka Bungoma. Nilidhani amekasirika kwamba nimemwaibisha mbele ya watu wao, nikaanza kujitetea. Nikalaumu basi la kwanza, nikalaumu kioo cha Kisumu, dizeli, Simiyu, Wafula, na daktari wa zamani aliyekata bila kupima. Nikasema isingekuwa kucheleweshwa na watu hawa wote, labda hata upande wa kulia ungepona.

Tulikuwa tunaingia Nakuru alipojibu.

"Siku tatu za hospitali si kitu," akasema. "Mimi nilikungoja miaka mitatu. Ungeyasema yale maneno wakati ule, Baba Achieng'. Kwa baba, kwa mtu yeyote."

Hakusema kwa ukali. Nilitafuta wa kumlaumu, na sikumpata.

Kipimo ni mwezi ujao, hapa Nairobi. Siku hiyo mtaikuta cherehani yangu imefunikwa. Kikifaa mtasikia, na kisipofaa mtasikia vilevile. Lakini Nekesa hupita hapa kibarazani kila Alhamisi akitoka sokoni, na ninajua huwa mnamtania, Mama Nani, leta kijana tumshonee kaptula. Msimwambie tena hivyo. Mwenye swali kuhusu mtoto wetu aniulize mimi, hapa, kwa sauti, wateja wakiwa wamejaa, nami nitaacha kushona nimjibu.